Shajara ya mradi: naomba ruhusa ya kunukuu kwa wamonaki wawili, mmoja hai mmoja marehemu

Naweka hapa hatua kwa hatua jinsi ninavyoomba ruhusa ya kunukuu maneno ya wamonaki wawili kwenye kijitabu changu. Mmoja yuko hai huku kusini, Mbenediktini, yaani wa shirika la Mtakatifu Benedikto, ana miaka 84. Mwingine ni Thomas Merton, mwandishi na mmonaki wa shirika la Watrapisti, wa abasia (monasteri inayoongozwa na Abate) ya Gethsemani kule Kentucky, Marekani, alifariki 1968. Kijitabu kinahusu watu walioingia monasterini kutafuta ukimya halafu wakaishia kuandika barua maisha yao yote. Kila hatua ikiisha naongeza. Ukitaka kufuata njia yangu fuata, ila pale nilipokosea pita pembeni. Yule aliye hai namwita Padre tu, simtaji jina wala abasia yake, ameomba hivyo, na kila neno lake mtakaloliona humu amelisoma kwanza akakubali.

9 Februari 2023: Rasimu imeisha, nahesabu nukuu

Kurasa 88. Nimepita na kalamu nyekundu nikapata nukuu 31, kati yake 17 za Merton na 14 za Padre.

Nimempelekea mchapishaji mmoja hapa mjini akaniambia wewe weka tu mwalimu, huyo Mzungu kashakufa na huyo Padre yuko porini huko nani atajua. Nimerudi na rasimu yangu nyumbani na moyo haujatulia kabisa, maana mimi nafundisha Kiswahili sekondari na kila muhula nakata maksi watoto wanaochota insha za wenzao, sasa leo mimi ndo nichote kwa mzee wa miaka 84 eti kwa sababu yuko mbali?

Usiku nimekaa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999. Nukuu fupi inaruhusiwa bila kuomba mtu, ilimradi kazi yenyewe ilishatolewa kwa halali, umechukua kiasi kinachohitajika tu, na umetaja mwandishi na chanzo. Nikazichambua zangu. 22 ni fupi, sentensi moja mbili, hizo zimepita. Zinabaki 9 nzito: barua tatu nzima nilizotafsiri mwenyewe kutoka Kiingereza, na vipande sita virefu vya Padre, kimoja karibu ukurasa na nusu. Barua nzima huwezi kuiita nukuu fupi, na tena kutafsiri ni haki ya peke yake, mtu anaweza kukuruhusu unukuu na asikuruhusu utafsiri.

2 Machi 2023: Hesabu ya miaka imenidanganya

Nilianza na Merton nikidhani ndo rahisi. Sheria yetu inalinda kazi maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa. Merton kafa 10 Desemba 1968, maana yake kwa hapa Tanzania hesabu iliisha mwisho wa 2018. Nikafurahi siku mbili nzima nikamwambia hadi mume wangu.

Siku ya tatu nikakumbuka kwamba kijitabu nakitoa pia kama PDF na nina wasomaji wangu wako Marekani, ndugu zetu walioko Minnesota na Texas. Hesabu ya kule ni nyingine. Barua ambayo ilikuwa haijachapishwa kabla ya 1978, halafu ikachapishwa kabla ya 2002 kuisha, kule inalindwa mpaka mwisho wa 2047. Barua za Merton zimetoka katika juzuu tano kati ya 1985 na 1994, na za kwangu zimo humo, sijaona zilipotoka kabla. Kwa hiyo naomba, hakuna mjadala.

Na hapo hapo nimegundua kosa lingine. Katika zile barua tatu, moja si ya Merton! Ni jibu la Boris Pasternak, yule mshairi wa Urusi. Merton alianza kumwandikia Agosti 1958, miezi michache tu kabla ya ile tuzo ya Nobel iliyomletea matatizo kwao, wakaandikiana mpaka Pasternak alipokaribia kufa Mei 1960. Mimi nilizikuta barua zao zimekaa pamoja nikaziweka zote kwenye fungu la Merton. Lakini barua mbili zinazojibizana zina wenye mali wawili. Aliyeshika karatasi ni mmoja, ni yule aliyeipokea, maneno yanabaki ya aliyeyaandika na baada yake warithi wake. Hata ungeomba kwa watu wa Merton wakakubali, hawawezi kukupa maneno ya Pasternak. Nimeiondoa, nimesimulia kwa maneno yangu jinsi Mrusi na mmonaki walivyoelewana bila kuonana hata siku moja. Aya mbili, zimetosha, na sioni kama ukurasa umepungukiwa.

Zimebaki nzito 8.

20 Machi 2023: Barua ya kwanza kwa Padre

Hana simu wala imeili, au anayo hataki, sijui. Nimeandika kwa mkono, nimetuma kwa EMS, ile posta ya haraka, shilingi 9,000. Nimemweleza mimi ni nani, nimeomba "ruhusa ya kunukuu kutoka katika kitabu chako", nimeweka na 30,000 ndani ya bahasha kama asante.

26 Mei 2023: Amejibu, na nimekosea mara tatu

Wiki tisa za kimya. Nilishaanza kufikiria vibaya. Leo nimekuta bahasha kwenye sanduku la shule, karatasi ya daftari imekunjwa mara nne, mwandiko mdogo umelala kulia, wino wa bluu. Naweka sehemu yake:

"Tumsifu Yesu Kristu. Mwalimu mpendwa, barua yako nimeipokea kwa furaha. Nimeikabidhi kwa Abate kwa kuwa ndani yake mlikuwa na fedha. Mimi sina kitu cha kwangu, hata kalamu hii ninayokuandikia. Fedha zimeingia prokura, risiti hii hapa. Juu ya ruhusa: unaomba maneno yapi? Kitabu kile nilikiandika zaidi ya miaka 30 iliyopita, mengine ndani yake leo nisingeyasema. Nioneshe kwanza."

Na kweli kulikuwa na risiti, imepigwa muhuri, 30,000, upande wa maelezo wameandika "mapato ya kitabu".

Sasa makosa yangu kwa mpangilio.

La kwanza, hela. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto sura ya 33 inakataza mmonaki kuwa na kitu chake mwenyewe na inataja kabisa kitabu, vibao vya kuandikia na kalamu, na sura ya 54 inasema asipokee barua wala zawadi bila ruhusa ya Abate. Nilikuwa nimezisoma zote mbili, nimeziandikia na kurasa nne, halafu naweka noti kwenye bahasha ya mmonaki! Na ile risiti inasomeka kama nimenunua ruhusa ambayo bado sijapewa. Nimeandika barua fupi kwa prokura, yaani ofisi ya fedha ya abasia, kueleza kwamba ile ni sadaka yangu kwa abasia na haihusiani na ombi lolote, wanisahihishie. Wiki tatu baadaye imekuja risiti mpya, "sadaka". Zote mbili nimezitunza.

La pili, nimemwomba asiye na mamlaka peke yake. Kama hana mali basi hata haki ya kitabu si yake kuigawa. Ombi liende kwa Abate, na kwa Padre liende kama heshima, na mimi nataka yote mawili.

La tatu ndo kubwa, nimeomba ruhusa ya hewa. "Kitabu chako", maneno yapi, ukurasa gani, yanakaa wapi, sikusema. Mtu anayejali maneno yake atasainije kitu kama hicho?

18 Juni 2023: Ombi la pili

Nimetuma kwa Abate, nakala kwa Padre. EMS tena 9,000. Safari hii kila kipande nimekiandika neno kwa neno pamoja na ukurasa wa kitabu chake, na nimeambatisha fotokopi ya ukurasa WANGU mzima ambamo kipande kinakaa, ili aone nimemweka katikati ya maneno gani. Nimetaja nakala ngapi nachapa (500), bei, kwamba kuna PDF ya bure, na kwamba akikataa kipande kimoja vingine vinaweza kubaki. Kazi ya jioni tatu. Ukichukua kitu kimoja tu kutoka kwenye shajara hii chukua hiki cha kupeleka ukurasa mzima, mtaona chini kwanini.

5 Agosti 2023: Upweke

Abate amejibu kwa mashine, aya moja, amekubali vipande vyote sita kwa masharti mawili: itajwe kwamba ni kwa idhini ya abasia, na Padre apitishe maneno mwenyewe. Ndani ya bahasha hiyo hiyo kuna fotokopi zangu zimerudi na wino wa bluu pembeni. Kipande cha kwanza alama ya vema, cha pili vema, cha tatu vema.

Cha nne. Hiki ndo moyo wa sura yangu ya tano. Kitabu chake kimechapwa hivi: "Mungu humtembelea mtu katika upweke wake." Mimi kwenye hiyo sentensi nimejenga kurasa tatu, upweke wa mmonaki, upweke wa mjane, upweke wa mwalimu aliyepangiwa shule ya mbali hana hata wa kula naye, niliziandika nikilia kwa kweli. Padre amezungushia neno moja na pembeni ameandika:

"Hapa mpiga chapa alikosea nami sikuona mpaka kitabu kimetoka. Niliandika UPEKEE. Mungu humtembelea mtu katika upekee wake, yaani kila mmoja kwa namna yake, hakuna wawili sawa. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nimekaa na hiyo karatasi muda mrefu. Zaidi ya miaka 30 kitabu kinasomwa na sentensi yake inasema kitu ambacho hakukisema, na mimi nilikuwa nimeshika kalamu niizidishe mara 500. Yule mchapishaji wa "weka tu" angeshachapa.

Nilidhani hizo kurasa tatu zimekufa. Lakini chini kabisa ya ukurasa ameongeza: "Ulichoandika juu ya upweke ni kizuri na ni kweli. Usikifute. Ila kisemwe na wewe, si mimi."

Marekebisho yamechukua wiki mbili. Sura ya tano sasa inaanza na mimi mwenyewe, upweke ni wangu kwa jina langu, halafu katikati anaingia Padre na upekee wake na kurasa zinazofuata zinabishana na zile za mwanzo. Ni sura nyingine kabisa na naipenda kuliko ile.

Kipande cha sita amekikata. Alikuwa ameandika jambo kali kuhusu mapadre wanaopenda magari, pembeni kaweka "hasira ya ujana, tuiache". Nimeiacha. Nzito za Padre sasa ni tano.

14 Oktoba 2023: Kwa marehemu

Nilitaka kuandikia abasia ya Gethsemani moja kwa moja, nikajizuia, nikatafuta kwanza nani ana mamlaka. Merton naye alikuwa mmonaki hana mali, lakini mwaka 1967, mwaka mmoja kabla ya kufa kwa ajali ya umeme karibu na Bangkok, aliunda mfuko wa kusimamia maandishi yake na karatasi zake, faida iende abasia. Maana yake ruhusa inaombwa kwa wasimamizi wa mfuko na kwa wachapishaji wa zile juzuu. Karatasi zenyewe nyingi ziko Chuo Kikuu cha Bellarmine, Louisville, ambako kuna kituo chake maalum, lakini kama nilivyosema juu, kushika karatasi si kumiliki maneno.

Nimetuma imeili mbili. Nimefuata mpango ule ule wa Padre: barua mbili, tarehe zake, juzuu na ukurasa, tafsiri yangu nzima, ukurasa wangu mzima, na maelezo ya Kiingereza ya kila aya inayoizunguka maana wao hawasomi Kiswahili. Kazi hiyo ya maelezo imekula wikiendi mbili.

Wakati naandaa ombi nimeongeza kitu kwenye kitabu pia. Merton mwenyewe aliishi kwa kuomba ruhusa. Kila alichotaka kuchapisha kilipita kwa wakaguzi wa shirika lake. Mwaka 1959 alimwandikia D. T. Suzuki, mwanazuoni wa Ubudha wa Zen wa Japani, akamwomba aandike dibaji ya misemo ya mababa wa jangwani, wale wamonaki wa kale, Suzuki akaandika, wakuu wa shirika wakakataa isiingie kwenye kitabu, mazungumzo yao yakatoka kwenye chapisho lingine 1961. Aprili 1962 akaambiwa aache kuchapisha kuhusu vita na silaha za nyuklia. Akatii, lakini barua zake juu ya jambo hilo, 111, zilikuwa zinapigwa chapa ya stensili na kupita mkono kwa mkono. Nilipokuwa nasubiri Abate nilikuwa nasoma haya usiku na nikamwelewa vizuri zaidi kuliko miaka yote niliyomsoma.

29 Desemba 2023: Nimeenda mwenyewe

Likizo. Basi kwenda na kurudi 110,000. Sikuenda kuomba kitu, nilitaka kuliona daftari lake la mwanzo ili niweke sahihisho kwa uhakika. Nimelala nyumba ya wageni, kengele ya alfajiri imeniamsha gizani.

Padre ni mfupi kuliko nilivyomdhania, mikono ya mtu wa shamba. Tumesalimiana, Tumsifu Yesu Kristu, milele amina, akanishika mkono hakuuachia mpaka tumefika benchi chini ya mwembe. Daftari lina jalada la bluu lililopauka, kona moja imeliwa na mchwa. Akalifungua palepale bila kutafuta. Neno lipo, u-p-e-k-e-e, lakini ile "e" ya kwanza ameivuta juu ikagusana na "k", na ile ya mwisho imebanwa na ukingo wa karatasi hata haionekani vizuri. Mpiga chapa aliyekuwa anawahi lazima asome upweke. Nikamwonesha. Akavua miwani akasogeza daftari karibu na uso, akasema, "Kumbe kosa ni la mkono wangu, na mimi miaka yote namlaumu yule kijana." Akanyamaza kidogo, akasema atamwombea.

Picha ya ukurasa huo nimepiga kwa simu, Abate ameruhusu itumike.

20 Januari 2024: Barua za kwenye droo yangu

Jambo ambalo halikunijia mpaka juzi. Kwenye sura ya tano mpya nimenukuu zile barua alizoniandikia MIMI. "Hakuna aliyewahi kuniuliza", "kisemwe na wewe, si mimi". Ziko kwenye droo yangu, bahasha ina jina langu, ni zangu za kushika. Maneno si yangu, na hizi hazijawahi kuchapishwa popote kwa hiyo hata kile kipengele cha nukuu fupi siwezi kukitegemea. Hayo hayo niliyoyasema juu ya Pasternak, nikasahau kuyapima kwangu.

Nimetuma ombi la tatu, EMS 9,000, pamoja na maneno yote yatakayotokea kwenye kitabu na yatakayotokea humu.

24 Februari 2024: Jibu

Nusu ukurasa tu. Amepitisha yote isipokuwa sentensi moja ambamo alimtaja mwenzake aliyekuwa mgonjwa wakati ule, "huyo hakuandika barua hii, tusimchukue". Imetoka. Na amemalizia, hii nayo kaandika niiweke: "Mwanangu, sasa umeniandikia mara nyingi kuliko ndugu zangu. Kitabu kikitoka nisomee sura ya tano kwa sauti, macho yangu hayafai tena."

10 Machi 2024: Gharama mpaka leo na kinachobaki

EMS mara tatu 27,000. Stempu na bahasha za barua nyingine 6,500. Fotokopi na skani 8,400. Bando 15,000. Nauli 110,000. Kupanga upya sura ya tano kwa kijana wa kompyuta 40,000. Sadaka 30,000. Jumla 236,900, na mwaka mmoja na mwezi. Ruhusa zenyewe hakuna niliyotozwa mpaka sasa.

Kwa Merton nasubiri. Sura yake nimeiandaa kwa namna mbili, moja ina barua zote mbili nzima, nyingine ina nukuu fupi tu na masimulizi yangu, likija jibu lolote naingiza faili linalohusika siku hiyo hiyo. Ukurasa wa shukrani umeshapangwa na nafasi ya mistari minne imeachwa wazi.

Sura ya tano nimeichapa peke yake kwa herufi kubwa, ukubwa wa 20, kurasa 31. Likizo ya Pasaka napanda nayo basi.